Damu ya Ng'ombe au Damu ya Baba Mkwe

Nilipoolewa Mbugangari, mtaa wa Waislamu katika mji wetu wa ziwani, miaka ya hamsini ikiwa bado michanga, niliingia katika nyumba ambayo baba mkwe na mkazamwana hawasemezani. Hapakuwa na ugomvi. Ilikuwa heshima tu, na heshima ya nyumba ile ilinichosha kuliko kupika. Sikutakiwa kumtazama mzee usoni, wala kumwona akila, wala kukanyaga mkeka anaokalia. Naye hakutakiwa kuniita. Akitaka maji ya kutawadha, alimwambia paka. "We paka," alisema pale uani, kwa sauti ya kufika jikoni, "sijui kama maji iko." Nami nilitoka na birika, macho chini, nikaiweka karibu na paka, nikarudi jikoni. Paka yule alikuwa na kazi nyingi kuliko karani wa bomani, na mshahara wake ulikuwa vipande vya pafu.

Mama mkwe alikuwa ameshafariki kabla sijafika. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, na akirudi nyumbani alikaa muda wa kufuliwa nguo na kukaushiwa, basi. Kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi, mzee, na paka.

Mzee alikuwa mchinjaji. Siku hizo sisi Waislamu wa mjini ndio tuliokuwa tukichinja, na wote walinunua kwetu, wa msikitini na wa kanisani. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nene na maoni manene, na alikuwa na desturi moja iliyojulikana mji mzima. Kila asubuhi, kabla ya kuuza hata mfupa, alikata kipande cha ini, akakipitisha juu ya mkaa mbele ya bucha, akasema Bismillahi, akala huku wateja wakimtazama. Ini lenyewe lilikuwa bado linachuruzika damu, maana alisema kuchoma sana ni kuficha. Desturi hiyo ilianza wakati ng'ombe wa huku walipokufa kwa ugonjwa na watu wakaiogopa nyama. Mzee alikula mbele yao, wakangoja kidogo waone kama ataanguka, hakuanguka, wakanunua. Ugonjwa wa ng'ombe ukaisha, desturi ikabaki. Bila mzee kutafuna, hakuna mama aliyefungua fundo la kanga yake.

Sasa, asubuhi moja mzee aliketi chini katikati ya kuchuna ngozi, kisu mkononi, akasema anapumzika. Watu walishtuka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akipumzika. Walisema macho yake yalikuwa meupe kwa ndani, na viganja vyake vilikuwa vimepauka. Niliviona vile viganja alipokuwa akiinua birika na nikapata hofu. Nilikuwa sitazami uso, lakini viganja havikukatazwa.

Nilimwambia paka kwamba mtu wa hali hiyo huenda hospitali. Paka hakujibu. Mzee alimwambia paka kwamba hospitali ni ya wagonjwa. Tulijibizana hivyo, paka akiwa katikati, mpaka mzee akasimama ghafla kutoka kwenye mkeka, akayumba, akashika mlango. Basi akamwambia paka aandae viatu.

Tatizo lilikuwa lugha. Daktari alikuwa Mbelgiji, na Kiswahili chake kilikuwa cha "leta" na "kwenda". Hospitalini alikuwepo muuguzi wa kutafsiri, kijana mzuri tu, lakini alikuwa mteja wetu, na mke wake alikuwa na mdomo ambao habari haikai ndani. Mzee alipima. Upande mmoja mkazamwana aliyesoma kwa masista wa Nyundo na kujua Kifaransa, upande mwingine soko zima. Masista hao walinipa jina la Kikristo la kutumia darasani, nikalivua kila jioni njiani kurudi nyumbani, lakini Kifaransa chao sikukivua. Mzee alichagua aibu ndogo. Kwangu mimi haikuwa ndogo hata kidogo.

Tulikaa mbele ya daktari, mimi nikitazama sakafu, mzee akitazama mizani ya kupimia watoto iliyokuwa pembeni. Daktari akauliza swali la kwanza: choo cha mzee kina rangi gani?

Jamani. Huyu ni mtu ambaye sikuwa nimewahi kumwambia hata "habari za asubuhi" bila kupitia kwa paka.

"Baba," nilisema kwa sauti ya kutoka chini ya meza, "munganga anauliza, kile kitu mtu anaendaka nacho nyuma ya nyumba, ile ya kukaa... rangi yake."

Mzee aliigeukia mizani. "We mizani," akasema, "mwambie mi siko fundi ya rangi. Siangaliake vitu kama ile."

Daktari alisimamisha kalamu. Akaniuliza mzee anaongea na nani.

"Na mizani, docteur."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima," nilisema. Daktari aliandika kitu kirefu, na mpaka leo ningependa kujua ni nini.

Akauliza kama tumbo linauma. Nikauliza. "Hata kidogo," mzee aliiambia mizani, upesi sana, kabla sijamaliza. Je, anatapika? Hata kidogo. Analala vizuri? Sana. Ukimsikiliza mzee, hospitali nzima ilikuwa na mtu mmoja tu mzima, naye ndiye yeye.

Basi daktari akatueleza, nami nikatafsiri huku masikio yakiwaka moto. Mtu anaweza kupoteza damu tumboni kidogo kidogo bila kuiona. Haitoki nyekundu. Inachanganyika na choo na kujificha humo, na mwenyewe anazidi kupauka bila kujua inakwenda wapi. Lakini kuna dawa ya maji ambayo ukiidondoshea choo chenye damu hiyo inageuka buluu. Buluu hiyo haisemi damu inatoka wapi. Inaweza kuwa kidonda cha tumbo, inaweza kuwa minyoo inayonyonya, inaweza kuwa bawasiri, inaweza kuwa uvimbe mbaya. Inasema tu: tafuteni. Na dawa yenyewe ina ujinga mmoja: haijui kubagua. Damu ya ng'ombe aliyeliwa na damu ya mtu aliyemla ng'ombe, zote kwake ni buluu. Kwa hiyo siku tatu mzee asile nyama, wala ini, wala samaki, wala mchuzi wake. Kisha alete choo kidogo ndani ya kisanduku cha kiberiti.

Mzee alisikiliza yote. Halafu akaiuliza mizani: "Siku tatu? Mi?"

Njia nzima ya kurudi alitangulia hatua nyingi mbele yangu na hakumwambia mtu yeyote neno, hata mnyama.

Kesho yake nilimpelekea viazi vya kuchemsha kule bucha, nikasimama nyuma ya pazia la gunia kama ilivyopasa. Wateja walikuwa wamejaa mbele, wamekunja mikono, wanangoja. Mbele yao wote alikuwa mama mmoja muuza samaki wa ziwani, mnunuzi wetu mkubwa, kwa sababu mtu anayeuza samaki kutwa hataki kumwona tena jioni. Mama huyu alikuwa na macho ya kuhesabu magamba.

"Baba, leo hautafuni?"

"Nimekula nyumbani," mzee alisema.

"Umekula nini?"

Na mzee, ambaye uongo haukuwa kazi yake, akasema: "Viazi."

Neno hilo lilirudiwa mpaka mstari wa nyuma. Mchinjaji amekula viazi. Wengine walinunua, lakini walinunua kidogo, wakanusa.

Siku ya pili alikuwa amejiandaa. Akatangaza kwamba amefunga, funga ya sunna. Hilo watu waliliheshimu, hata wa kanisani. Nyama ikaanza kutoka. Mchana mama wa samaki akarudi kuchukua kongoro aliloliacha, akapita mlango wa nyuma, akamkuta mfungaji wetu ana kiazi kizima mdomoni na kingine mkononi kikingoja zamu.

"Karabaye!" mama alipiga kelele, yaani yametufika. "Hafungi, na nyama hali! Iko kitu gani mu nyama hii?"

Mpaka alasiri habari ilikuwa imeshafika kila mahali inapofika habari, na ikaongezeka uzito njiani. Ng'ombe alikuwa na uvimbe. Ng'ombe alikuwa amekufa mwenyewe. Ng'ombe hakuwa ng'ombe. Nusu ya mnyama ilibaki inaning'inia, na mzee alikaa mbele yake na mti wa kufukuzia nzi, viganja vimepauka kuliko jana, akiitazama biashara yake ikiharibika kwa joto.

Asubuhi ya tatu nilifika na viazi vyangu. Kupitia tundu la gunia nilimwona mzee amesimama mbele ya mkaa, ameshika kipande cha ini kinachochuruzika, watu wamemzunguka. Akasema Bismillahi. Akala. Watu wakapumua. Mafundo ya kanga yakafunguka.

Nilimwona kwa macho yangu mawili. Lakini kwa desturi sikutakiwa kumwona akila. Kwa hiyo, kwa desturi, nilikuwa sijamwona.

Kisanduku cha kiberiti kilipelekwa kesho yake. Alikitandika jani la mgomba ndani, akakifunga kwa kitambaa, akakifunga tena kwa kitambaa kingine, akakitia ndani ya mfuko wa koti, na njia nzima aliushika mfuko huo kwa mkono wote. Watu waliotuona walidhani amebeba dhahabu.

Jibu lilikuwa buluu nzito, buluu ya wino. Daktari alitikisa kichwa. Akataja hospitali kubwa ya Bukavu, akataja picha za tumbo, akataja kisu. Nilipotafsiri kisu, mzee aliishika mizani.

"Muulize," daktari akasema, "kama alikula nyama."

Nikauliza. Mzee aliiambia mizani: "Hapana."

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira zangu hazijifichi. Mtu huyu yuko tayari kupasuliwa tumbo Bukavu kwa sababu ya ini la ng'ombe, nami nikae nimeinamisha macho kwa adabu? Nikamgeukia daktari nikasema kwa Kifaransa safi cha masista: "Alikula ini. Asubuhi. Karibu bichi. Sikumwona, lakini alikula."

"Kama hukumwona, unajuaje?"

"Nilimwona, docteur. Ila hairuhusiwi."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akanitazama. Halafu akacheka mpaka akashika meza. Mzee akaniuliza, samahani, akaiuliza mizani, mzungu anacheka nini. Nikamwambia kwamba jibu limeharibika, damu hiyo huenda ni ya ng'ombe, tuanze upya siku tatu.

Safari hii mzee akaja na ujanja. Atatafuna mbele ya watu, lakini hatameza. Atajifuta mdomo kwa leso na kuliacha ini ndani ya leso. Aliona ni hila kubwa sana. Nilipika viazi na kunyamaza, kwa sababu paka hakuulizwa maoni.

Hila hiyo haikufika mbali. Mama wa samaki alikuwa amesimama ubavuni, si mbele, na kutoka ubavuni leso ilionekana vizuri.

"Anatema!" alilia. "Yewe bantu! Anatema nyama yake mwenyewe!"

Nimeona soko likivunjika kwa mvua ya mawe, lakini lile lilivunjika upesi zaidi. Watu walirudi nyuma. Mmoja alikuwa ameshalipa, akairudisha nyama mezani. Mzee alisimama pale na leso mkononi, na kupitia tundu la gunia niliona mkono wake wa pili umeishika meza. Nikajua anaweza kuanguka, na akianguka baada ya kutema ini, hakutakuwa na bucha tena Mbugangari, wala mzee. Nilimwomba Mungu mzee apate pa kukaa.

Hakukaa. Alipanda juu ya gogo la kukatia mifupa.

"Bon," alisema. Neno hilo la Kifaransa, yaani haya basi, alilijua. "Munataka kujua? Nyama iko muzuri. Mi ndiye mubovu. Munganga amenikataza nyama. Anatafuta damu ndani ya..." Akasita. Akatazama juu kwenye mabati. "Ndani ya choo yangu. Anasema iko damu inajificha mule. Nikikula nyama, hatajua kama ni ya ng'ombe ao ni yangu. Njo maana natema. Sasa mumejua. Mucheke."

Alicheka mtu mmoja tu kule nyuma, akapigwa kofi na mama yake. Halafu mama wa samaki akasema, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Baba, kwa nini hukusema?" Kabla mzee hajajibu, kila mtu akawa na habari ya choo. Huyu shemeji yake alitoa minyoo mirefu. Yule alikuwa na bawasiri mwaka mzima na hakumwambia hata mkewe, na mkewe alikuwa amesimama pale pale akasikia kwa mara ya kwanza. Nilisikia mambo kupitia gunia lile ambayo mtu hawezi kuyaandika hata uzeeni. Mji mzima, kumbe, ulikuwa umebeba siri moja, kila mtu akidhani ni ya kwake peke yake.

Likabaki suala la kuonja. Mkulima mmoja wa viazi, aliyeteremka kutoka Bugeshi na mizigo yake, mtu mwembamba mwenye koti refu la baridi ya kule juu, akajitolea. Akapewa ini. Akafumba macho, akasema sala zake za Kikristo, akatafuna, akameza. Watu wakamngoja. Baada ya kitambo akafumbua macho na kusema kwamba hana hakika, aongezwe kipande cha pili. Alipomaliza cha tatu mzee alimwambia hakika hiyo sasa inatosha.

Siku zile za kungoja, tumbo la mzee lililindwa na soko zima. Akikaribia chungu cha mchuzi, watu walimpigia kelele. Mama wa samaki alikuja nyumbani kuchungulia sufuria zangu, akanusa kila moja, na nilimwacha anuse. Watu walimletea maziwa, ndizi na viazi vingi hata nikaanza kuwalisha mbuzi wa jirani. Tulipokwenda hospitali na kisanduku kipya, njiani waliuliza: "Ndo ile?" Na mzee, niliyemdhani atakufa kwa aibu, alipiga mfuko wa koti na kusema, "Njo hii." Nakiri alinifurahisha.

Lakini hospitalini furaha iliisha. Maji yaligeuka buluu tena. Haikuwa ile ya wino, ilikuwa nyepesi, lakini ilikuwa buluu, na daktari hakucheka.

"Sasa ni yake," alisema.

Nilimwambia mzee: "Baba, ni damu yako." Alitazama mikono yake.

Daktari alisema hakuona mayai ya minyoo, wala hakukuta bawasiri. Kuna mahali ndani panapovuja. Akauliza upya swali la siku ile ya kwanza: tumbo linauma? "Hapana," mzee alisema.

Daktari akaweka kalamu chini, akaniambia polepole ili nisikosee. Kama tumbo haliumi kabisa, lazima aufikirie ule uvimbe mbaya, na mzee aende Bukavu upesi, na huenda apasuliwe. Kama linauma mtu akiwa na njaa na kutulia akila, basi anafikiria kidonda, na kidonda kinaweza kujaribiwa kwanza kwa maziwa na dawa ya unga. Hizo ni njia mbili tofauti, na mtu wa kumwonyesha njia ni huyu aliyekaa anaongea na mizani. "Madame," akasema, "nadhani anaumwa. Nadhani hawezi kusema mbele yako. Toka, nitamwita muuguzi."

Nilimweleza mzee yote, neno kwa neno, uvimbe, kisu, kidonda, maziwa. Nikamwambia natoka, muuguzi anaingia, na mimi sitasikia. Nikanyanyuka. Nilikuwa nimefika mlangoni.

"Mwana wangu," akasema. "Kaa."

Hakukuwa na paka mle ndani. Nilikaa.

Alinyanyua kiti chake, akakigeuza, akakaa akiupa uso ukuta, mgongo wake mkubwa ukinielekea. Akaanza kusema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia bucha. Inauma. Inauma sana. Inaanza tumbo ikiwa tupu, inamtafuna mpaka anauma shuka asisikike. Ilianza tangu mama wa nyumba afariki. Ini la asubuhi, watu wanadhani alikuwa analila kwa ajili yao, lakini akilimeza ndipo anapata kupumua. Siku hizi zote bila kumeza kitu mbele ya mkaa alisimama akiishika meza. Na hakusema kwa mwanawe kwa sababu mwanawe yuko njiani na lori, na mtu aliye njiani hapelekewi habari za namna hiyo. "Na mwambie mi naogopa," akamalizia. "Kisu naogopa. Mi najua kisu kinafanyaka nini."

Siku zote nilikuwa natafsiri kwa kusema "anasema hivi, anasema vile". Siku ile lile "anasema" lilinipotea. "J'ai mal, docteur," nilisema, naumwa, daktari. "J'ai très mal. J'ai peur." Naogopa. Nililia pale pale, mbele ya mzungu, mbele ya mgongo wa baba mkwe wangu, nikamaliza maneno yote huku kamasi zinanitoka. Daktari aliandika, na mara hii alipomaliza aliinuka, akaenda upande wa ukutani, akamshika mzee bega.

Kilikuwa kidonda. Alikunywa maziwa na unga mweupe wa dawa muda mrefu, akapeleka visanduku vingine vya kiberiti, mpaka kimoja hakikugeuka rangi yoyote. Akaishi. Aliwachinjia wanangu wote akika zao kwa mkono wake.

Lakini ninachokikumbuka kuliko vyote ni njia ya kurudi siku ile. Hakutangulia. Tulitembea sambamba, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea, na kila mtu aliyetuona alitazama.

"Yule munganga," akasema, akitazama mbele, "umemwambia yote?"

"Yote, Baba."

"Hata ile ya kuogopa?"

"Hata hiyo."

Akapunguza mwendo.

"Bon," akasema. "Mi singeweza."